Plau za Theluji: Hotuba Juu ya Kufungua Njia za Reli za Milimani

Leo tumekusudia kuwaelezeni habari za kazi ambayo katika nchi zetu haifanywi kabisa, nayo ni kazi ya kuondoa theluji juu ya njia ya reli. Labda mtu atauliza, "Habari za theluji zatufaa nini sisi tunaosumbuliwa na jua na mvua?" Twamjibu hivi: kila njia ipitayo milimani ina adui wake. Adui wa njia zetu ni mvua ya masika, ibomoayo tuta na kuchukua daraja. Katika milima ya magharibi ya Marekani na ya Kanada adui ni theluji. Watu wa huko wameshindana na adui huyo tangu zamani za babu zetu, na katika kushinda kwao na kushindwa kwao mna mafunzo yamfaayo kila mtu afanyaye kazi penye hatari.

Kwanza yatupasa kuieleza theluji yenyewe. Wengi wetu tumeona weupe ulio juu ya Kilimanjaro, au juu ya Mlima Kenya, au juu ya Ruwenzori. Lakini ni wachache walioushika kwa mkono. Theluji ianzapo kuanguka ni nyepesi kama pamba, na mtoto aweza kuipeperusha kwa pumzi. Lakini ikikaa, ikashindiliwa na upepo, ikalowa maji na kuganda tena, hugeuka kitu kingine kabisa. Kipande chenye urefu, upana na kimo cha futi moja chaweza kuwa na uzito wa ratili 20 au zaidi. Basi na tufanye hesabu, kama wafanyavyo watoto wa shule. Ikiwa theluji ya namna hiyo imelala juu ya reli kwa kimo cha futi 10, na njia inayotakiwa kufunguliwa ina upana wa futi 10, kila futi moja ya njia imebeba ratili 2,000, yaani karibu tani moja. Na maili moja ni futi 5,280. Kwa hiyo katika maili moja tu mna tani zaidi ya 4,700 za kuondoa. Na kesho yake theluji yaweza kuanguka tena, kazi ikaanza upya.

Sasa na twende kwenye milima iitwayo Sierra Nevada, upande wa mashariki wa California. Pana mahali hapo juu panapopitika, napo huitwa Donner. Jina hilo ni la jamaa mmoja wa wasafiri waliokuwa wakihamia magharibi na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka 1846 wasafiri hao walichelewa njiani, theluji ikawakuta chini ya mlima, nao wakanaswa huko mpaka mwaka 1847. Karibu nusu yao walikufa kwa njaa na baridi. Mahali hapo ndipo wahandisi wa kampuni ya reli ya Central Pacific walipochagua kupitisha njia yao, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine iliyo bora. Kileleni reli zililazwa juu ya futi 7,000 toka usawa wa bahari, mahali ambapo theluji ianguka kwa kawaida zaidi ya futi 30 kwa mwaka mmoja.

Kazi ilianzishwa mjini Sacramento mwaka 1863. Wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa Wachina, waliovuka bahari kuja kutafuta riziki. Idadi yao ilifika maelfu kwa maelfu, nao walilipwa mshahara mdogo kuliko wazungu. Wao ndio waliochimba handaki la kileleni, lipitalo ndani ya mwamba mgumu kwa urefu wa futi 1,659. Majira ya baridi ya mwaka 1866 na 1867 yalikuwa makali mno. Zilihesabiwa tufani 44 za theluji. Watu waliishi chini ya theluji kama fuko chini ya ardhi: walichimba njia za kutoka vibandani mwao mpaka penye kazi, wakapita humo wasione jua. Mara kwa mara theluji ya mlimani ilikatika, ikaporomoka na kufunika kambi nzima, na maiti za waliokuwamo hazikupatikana mpaka theluji ilipoyeyuka. Njia ilikamilika tarehe 10 Mei, 1869, ilipounganishwa na reli iliyotoka mashariki, mahali paitwapo Promontory katika nchi ya Utah.

Lakini kujenga njia ni jambo moja, na kuiweka wazi ni jambo jingine. Chombo cha kwanza walichokitumia kilikuwa plau. Twaiita plau kwa sababu umbo lake lafanana na lile jembe la kukokotwa na ng'ombe, ambalo wengi wenu mnalo. Jembe la ng'ombe hupasua udongo na kuugeuza upande. Na plau ya theluji vivyo hivyo ilipasua theluji na kuisukuma kando. Ila ukubwa wake ulikuwa kama wa nyumba. Ilitengenezwa kwa boriti nene na mabamba ya chuma, ncha yake chini karibu na reli, na mgongo wake ukipanda na kugawanyika pande mbili kama omo ya jahazi. Haikuwa na nguvu yake yenyewe. Nyuma yake zilifungwa injini za kuisukuma, sita, nane, na pengine hata kumi au zaidi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Penye theluji kidogo plau ilipita tu, ikirusha weupe huku na huku. Penye theluji nyingi injini zote zilirudi nyuma kwa kitambo, kisha zikaja mbio kwa nguvu zote za mvuke, zikaipiga theluji kama fahali apigaye ukuta wa zizi. Plau iliingia hatua kadha wa kadha, ikakwama. Wakatoka watu wenye mabeleshi, wakaifukua. Injini zikarudi nyuma, zikapiga tena. Hivyo hivyo mchana kutwa na usiku kucha.

Hila hii ilikuwa na kasoro tatu. Ya kwanza, theluji ikiwa imeganda, plau haikuipasua bali ilipanda juu yake, ikaacha reli, na injini za nyuma zikarundikana. Watu waliumia, na wengine walikufa. Ya pili, plau haikuitupa theluji mbali. Iliisukuma kando tu. Basi kila ilipopita, kuta za pande mbili ziliongezeka kimo, hata njia ikawa mfano wa mfereji mwembamba, na theluji mpya haina pa kwenda. Ya tatu ni kwamba nguvu nyingi ilipotea bure. Injini kumi ziligonga ukuta mmoja siku nzima, na jioni zilikuwa zimesogea mwendo mfupi tu.

Wenye njia walipoona hayo, walisema, "Ikiwa hatuwezi kuiondoa theluji, na tuizuie isifike." Wakajenga mabanda ya mbao juu ya reli, yenye paa za kuinama, ili theluji ipite juu yake na kuteremka bondeni. Ujenzi ulianza kwa majaribio mwaka 1867, ukaendelea kwa haraka miaka iliyofuata, hata mabanda yakafika urefu wa karibu maili 37. Gharama yake ilipita dola milioni mbili, na msitu mzima ulikatwa kwa ajili ya mbao zake. Abiria waliopita humo walinung'unika kwamba wamelipa nauli ili waone milima, nao wakaona giza na moshi. Lakini magari yalipita.

Hata hivyo kila dawa ina uchungu wake. Mbao zilizokauka kwa jua la kiangazi, na injini zitoazo cheche kila siku, ni kama nyumba ya makuti karibu na jiko. Mabanda yaliungua mara nyingi. Ikawa lazima kuweka walinzi juu ya mlima wa kuangalia moshi, na magari maalum yaliyojaa maji, ambayo injini zake ziliwekwa tayari na moto wakati wote. Basi kampuni ile ilipigana na theluji wakati wa baridi, na ilipigana na moto wakati wa jua.

Wala mabanda hayakutosha. Mwezi wa Januari, 1890, theluji ilianguka kwa wingi hata njia ya Sierra Nevada ikafungwa kwa siku nyingi, na magari ya abiria yakasimama njiani. Siku zile mwandishi wa gazeti la New York World, bibi aitwaye Nellie Bly, alikuwa akizunguka dunia yote kwa haraka, akitaka kumaliza katika siku chini ya 80. Alipoteremka melini mjini San Francisco tarehe 21 Januari, aliambiwa kwamba njia ya milimani haipitiki. Ikabidi apewe gari la moshi la peke yake, lipitie upande wa kusini, ambako hakuna theluji. Alifika nyumbani tarehe 25 Januari, akiwa ametumia siku 72. Yeye alikuwa na gazeti tajiri la kumlipia gari la peke yake. Abiria wengine wote walikaa wakingoja mabeleshi.

Sasa twaja kwenye chombo cha pili, nacho ndicho kilichogeuza kazi hii. Mtu wa kwanza kukiwaza, kwa jinsi ijulikanavyo, hakuwa mtu wa reli. Alikuwa daktari wa meno wa mjini Toronto, katika Kanada, jina lake J. W. Elliott. Mwaka 1869 alipata hati ya serikali ya kulinda wazo lake: gurudumu lenye mapanga, lizungukalo mbele ya gari, likiichota theluji na kuitupa. Lakini hakupata mtu wa kulijenga. Miaka ilipita, na mtu mwingine wa Kanada, Orange Jull, mwenye kinu cha kusaga nafaka katika mji wa Orangeville, alilishika tena wazo la namna hiyo na kulitengeneza vizuri zaidi. Akawaendea ndugu wawili wa mji ule ule, waitwao Leslie, nao wakaijenga mashine ya kwanza. Ilijaribiwa Toronto katika majira ya baridi ya mwaka 1883 na 1884. Baada ya kuona makosa yake, ndugu wale waliirekebisha, na mashine zilizorekebishwa zikaundwa katika kiwanda cha Cooke, mjini Paterson, New Jersey.

Mtu akiona habari hii atakumbuka kwamba akili haina mwenyewe. Mng'oa meno, msaga nafaka, na mafundi wa mji mdogo walifanya jambo ambalo kampuni kubwa zenye injini mia hazikulifanya. Pengine ni kwa sababu kampuni zile, kila zilipokwama, ziliongeza injini nyingine nyuma ya plau ile ile.

Plau hii mpya twaweza kuiita plau ya kuzunguka. Mbele yake pana gurudumu kubwa, upana wake kiasi cha futi 10, limekaa ndani ya kikingo cha chuma kilicho wazi upande wa mbele. Gurudumu hilo lina mapanga yaliyopangwa kama pangaboi. Ndani ya gari, nyuma ya gurudumu, mna tangi la kuchemshia maji na mashine ya mvuke. Lakini mvuke huo hauendeshi gari lenyewe, kazi yake ni kuzungusha gurudumu tu. Gari lasukumwa na injini zilizo nyuma, polepole, kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu au zaidi kidogo. Mapanga yaikata theluji vipande vidogo vidogo, gurudumu laikusanya na kuirusha juu kupitia mdomo ulio juu ya kikingo, nayo yaruka kama moshi na kuanguka futi mia au zaidi toka njiani. Ikiwa bonde liko kulia, theluji yatupwa kulia. Likiwa kushoto, fundi hugeuza mzunguko wa gurudumu, nayo mapanga hujigeuza, theluji ikatupwa kushoto.

Ndani yake watu hugawana kazi. Mmoja husimama mbele, akitazama njia, na kutoa ishara kwa firimbi kwa madereva wa injini za nyuma: songa, punguza, simama, rudi. Mwingine huangalia mashine ya gurudumu. Mwingine hutia makaa. Ni lazima wote wasikilizane kama waimbaji wa ngoma moja, kwani injini zikisukuma kwa haraka kuliko gurudumu liwezavyo kukata, gurudumu hukabwa na kusimama.

Tazameni tofauti ya plau ya kwanza na hii ya pili. Ya kwanza ilitaka kushinda kwa pigo moja kubwa. Ya pili haipigi; yala kidogo kidogo bila kupumzika, na kile inachokikata yakitupa mbali kisirudi. Wazee wetu walisema: bandu bandu huisha gogo. Plau ya kuzunguka ni methali hiyo iliyofanywa kwa chuma. Kwa hiyo baada ya miaka michache njia zote kubwa za milimani katika Marekani na Kanada zilikuwa nazo, na watu wakaanza kusema kwamba theluji imepata bwana wake.

Maneno hayo yalisemwa mapema mno. Plau ya kuzunguka hukata theluji, lakini haikati mti wala jiwe. Na theluji inayoporomoka toka mlimani haiji peke yake. Huja na misonobari iliyong'olewa, visiki na miamba, vyote vimeshindiliwa pamoja kama udongo wa ukuta. Plau ikiingia humo mapanga huvunjika. Hapo hapana la kufanya ila kuwaita watu wenye mabeleshi, mashoka na baruti, watoe kila gogo kwa mikono kabla ya plau kupita. Na watu hao husimama wapi? Husimama chini ya mlima ule ule ulioporomoka.

Mwaka 1910 mambo hayo yalionekana wazi, katika juma moja tu, mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni Wellington, kituo kidogo cha kampuni ya Great Northern katika milima ya Cascade, dola la Washington. Mwishoni mwa Februari magari mawili, la abiria na la barua, yalipita handaki la mlimani na kusimama Wellington, kwa sababu njia ya mbele ilikuwa imefungwa na maporomoko. Yakakaa hapo siku baada ya siku. Plau za kuzunguka zilitumwa mbele na nyuma. Lakini kila zilipofungua mahali pamoja, mlima uliporomoka mahali pengine. Nyingine zilinaswa katikati ya maporomoko mawili, makaa yakazipungukia. Wachukuaji wa mabeleshi, waliokuwa wakilipwa ujira mdogo kwa kazi ngumu yenye hatari, waliomba waongezewe. Walipokataliwa wengi wao waliweka mabeleshi chini, wakaenda zao. Basi mashine zikakosa makaa, na mikono ikakosekana.

Abiria walitazama mlima juu yao wakaogopa. Mteremko ule hapo zamani ulikuwa na msitu, lakini miti ilikuwa imeungua, na hapakuwa na kitu cha kuishika theluji. Baadhi yao waliomba magari yarudishwe ndani ya handaki. Wakaambiwa kwamba humo mna baridi na moshi wa injini, watu watataabika. Wengine wachache waliamua kuteremka kwa miguu mpaka kituo cha chini, safari ya hatari katika theluji, nao wakaokoka. Kisha theluji ikageuka mvua, ikawa nzito kwa kulowa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi, baada ya saa saba, pakawa na radi na umeme, na upande mzima wa mlima ukakatika. Uliyasukuma magari yote mawili, pamoja na injini na watu waliolala ndani, ukayatupa bondeni futi 150 chini. Watu 96 walikufa. Wengi wao hawakuwa abiria bali watu wa kazi wa reli, waliokuwa wakipumzika ndani ya magari baada ya kupigana na theluji siku zote zile.

Mahali pa pili ni Rogers Pass, katika nchi ya British Columbia, njia ya kampuni ya Canadian Pacific. Tarehe 4 Machi, yaani siku tatu tu baada ya msiba wa Wellington, theluji iliporomoka toka mlima uitwao Cheops, ikaziba njia. Ilikuwa imejaa miti. Ilitumwa plau ya kuzunguka pamoja na injini na kundi la watu wa mabeleshi. Walichimba usiku kwa mwanga wa taa, wakisimama ndani ya mfereji walioukata, kuta za theluji pande zote mbili. Walikuwa wakiangalia upande wa Cheops, uliokwisha poromoka. Karibu na saa sita ya usiku poromoko jingine lilikuja toka mlima wa upande wa pili. Injini ya tani 91 pamoja na plau yake zilitupwa futi 50 na kupinduliwa. Mtia makaa mmoja, aliyerushwa nje na upepo wa poromoko, aliokotwa hai na mguu umevunjika. Watu 58 walikufa, na katika hao 32 walikuwa Wajapani, vijana waliotoka mbali kuja kufanya kazi ya mikono.

Twaomba mlifikiri neno hili. Katika Sierra Nevada waliozikwa na theluji walikuwa Wachina. Katika Rogers Pass zaidi ya nusu walikuwa Wajapani. Vitabu hutaja plau, na majina ya walioiwaza, na kampuni zilizoinunua. Lakini mbele ya kila plau, pale ambapo chuma kilishindwa, alikuwapo mtu mwenye beleshi, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mgeni, mwenye mshahara mdogo, asiye na sauti ya kusema, "Mlima huu haujatulia, na tungoje asubuhi." Njia ilifunguliwa kwa mashine, ni kweli, lakini ilifunguliwa kwa mikono yake pia, na pengine kwa roho yake.

Baada ya misiba ile miwili wenye njia waliacha kutafuta plau yenye nguvu zaidi. Walikubali kumpisha mlima. Canadian Pacific walichimba handaki la maili tano chini ya Rogers Pass, liitwalo Connaught, likafunguliwa mwezi wa Desemba, 1916, na reli ya juu ikaachwa. Great Northern walijenga kwanza mabanda imara, kisha wakachimba handaki jipya lenye urefu wa karibu maili nane, lililofunguliwa mwaka 1929. Na Wellington ikabaki mahame. Barabara ya magari ilipopitishwa Rogers Pass mwaka 1962, serikali ya Kanada haikungoja theluji iporomoke kwa kupenda kwake. Askari walipewa mizinga, wakaipiga miteremko wakati barabara imefungwa na haina watu, ili theluji ishuke kidogo kidogo kabla ya kuwa nyingi.

Sierra Nevada yenyewe haikutulia. Mwezi wa Januari, 1952, gari la moshi zuri liitwalo City of San Francisco lilikwama katika theluji karibu na Donner, na ndani yake watu 226. Plau za kuzunguka zilikwenda kuliokoa. Nyingine zilikwama zenyewe, na moja ilipigwa na poromoko ikapinduka, fundi wake akafa. Abiria walikaa siku tatu, baridi ikizidi baada ya joto la magari kukatika, mpaka barabara iliyo karibu ilipofunguliwa, wakatembea kwa miguu mpaka kwenye motokaa zilizowangoja. Hata mmoja wa abiria hakupotea. Hii ilikuwa zaidi ya miaka 60 tangu plau za kuzunguka zianze kazi. Baadhi yake zimehifadhiwa katika njia ile hata leo, zikiwa zimebadilishwa zisitumie mvuke, nazo hutolewa pale tu theluji inapozidi nguvu za vyombo vingine.

Basi, ndugu zetu, tumeona hatua tatu. Kwanza watu walitaka kushinda theluji kwa kuipiga, wakapoteza injini na watu. Pili waliikata kidogo kidogo, wakafaulu sana, hata wakadhani kwamba hakuna tena la kuogopa. Tatu walijifunza kwamba kuna siku ambayo mashine iliyo bora haina budi kusimama, na mtu mwenye hekima humwondoa mwenziwe chini ya mlima kabla ya kufikiri habari za ratiba ya magari. Methali yetu yasema, mwenye nguvu mpishe. Kumpisha si woga. Wale waliochimba handaki la maili tano hawakuwa waoga kuliko wale waliosimama na mabeleshi usiku, walikuwa wamewakumbuka.

Ninyi mlio wasimamizi wa kazi, iwe ya barabara, au ya mgodi, au ya kuchimba kisima hapa kijijini, lichukueni neno hilo. Kabla ya kumtuma mtu mahali palipokwisha poromoka mara moja, geukeni mtazame na upande wa pili. Na mfanya kazi akiwaambia kwamba ardhi inatikisika, msikilizeni, hata akiwa mgeni, hata akiwa wa mshahara mdogo kuliko wote. Kwani yeye ndiye aliye karibu nayo.